Mpaka Herufi ya Nne

Hidaya alipokufa nilituma mtu Siyu akawaambie wanawe kwamba mama yao ni mgonjwa. Mjukuu wangu Zena, aliye darasa la mwisho na hujiona amekwisha kuimaliza dunia, alinishika mkono akasema, "Bibi, mbona wadanganya? Maiti si huyo ndani?" Nikamwambia anyamaze, akafunge madirisha, akatafute ubani. Siku hizi wanasomeshwa kusema jambo kama lilivyo, pwaa, kama mtu amwagaye ndoo ya maji machafu. Sisi hatukulelewa hivyo. Kwetu Amu mtu hatupiwi kifo usoni. Huambiwa fulani ni mgonjwa, hali yake si nzuri, njoo. Basi njia nzima moyo wake hupata kwenda polepole, na akifika akaona viatu vingi mlangoni, huwa amekwisha kujiambia mwenyewe lile ambalo hakuna aliyemwambia. Huo si uwongo, ni heshima. Zena alitoka akinung'unika, lakini madirisha alifunga.

Hidaya alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu Athman, kabla hajawa mama wa mtu yeyote wa Siyu. Sasa tumemzika, hitima imesomwa, sufuria za watu zimerudishwa, na mimi nimekaa katika chumba kilekile cha juu tulichokuwa tukikaa sote ujanani, na chumba kimekuwa kikubwa mno. Ukoo wetu sitaueleza. Walio Amu wanaujua na walio mbali hautawafaa kitu. Nataka kuueleza mwaka mmoja tu, mwaka tulioishi kwa maneno ya Kizungu asubuhi na jioni, sisi watu ambao hatukuwa na haja nayo. Naandika Kiswahili cha skuli kwa sababu wajukuu wangu wakisoma nti na ndia mahali pa nchi na njia hucheka. Lakini waliokuwa wakisema hawakuwa wa skuli, na vinywa vyao nitaviacha kama vilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Mjarumani, ila mwanzoni vita vilikuwa mbali, jambo la wanaume kuzungumza barazani wakingoja kahawa ipoe. Ndani ya nyumba tulikuwa na shaka yetu nyingine. Kaka zangu wawili wakubwa walikuwa wamekwenda Mombasa kutafuta kazi, na Mombasa ikawameza. Tulikuwa tukipata salamu zao kwa vinywa vya watu, na kila mwaka salamu zikipungua. Aliyebaki ni Athman. Alikuwa akifanya kazi forodhani, akihesabia watu mizigo, na Kiingereza alichokijua kilikuwa cha mizigo: njoo, nenda, weka hapa, tia sahihi. Nao watu wa rika lake walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Mama kila akisikia fulani kasafiri huacha anachofanya, akamtazama Athman kama mtu atazamaye mlango uliosahauliwa kufungwa. "Huyu simtoi," alikuwa akisema. "Huyu atakula kwangu mpaka nife."

Ndipo zikaja habari kwamba Bwana Lali, mkalimani wa ofisi ya serikali, macho yake yameingia ukungu na anaomba kupumzika. Mzungu wa ofisi alikuwa anatafuta mtu wa Amu wa kumrithi, lakini awe mtu wa maneno makubwa, maneno ya mahakamani, si wa njoo na nenda. Mama alipolisikia hilo hakulala mchana. Kazi ile ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni petu. Mtu angetoka akarudi kula. Akamwita Athman akamwambia, "Nenda kayatafute hayo maneno, popote yalipo, uyalete hapa uyasome mbele yangu." Mama yangu hakuwa amepata kusikia Kiingereza isipokuwa kupitia dirishani, lakini aliagiza maneno kama aagizaye samli.

Bwana Paskali, Mgoa wa forodhani, akamwazima Athman kamusi yake. Sasa, hakuna mtu aliyekuwa ametwambia kamusi husomwaje. Sisi kitabu tulikuwa tukikijua kwa namna moja: unaanza mwanzo, unahifadhi, huruki. Athman akaenda kuutoa ubao wake wa chuoni, ule aliosomea Kurani utotoni, akatengeneza wino wa masizi, akaandika maneno ya kwanza ya kitabu kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo alizozoea mkono wake. Akaketi juu ya mkeka, akapiga magoti, akaanza kuyasoma huku akiyumba, mbele nyuma, mbele nyuma, kwa sauti ileile ya chuoni. Yakiingia huosha ubao, akaandika mengine. Bwana Paskali alipopata habari alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia, "Bwana wee, chagua maneno ya kesi, yako kila mahali humo, kwa nini ujitaabishe na yote?" Athman akamjibu kwamba kitabu hakirukwi. Alirudi nyumbani akatueleza, na sote tukaona Mgoa ndiye asiyejua kusoma.

Fitina ya kwanza ikawa maji. Maji ya ubao wa Kurani hayamwagwi ovyo. Hunywewa, au humwagwa mahali safi. Je, haya ya Kizungu? Hidaya alisimama na bakuli mkononi, maji meusi yanacheza, akauliza, "Mama, haya niyatie wapi?" Mama akafikiri. Kuyanywa, hapana. Kuyatia chooni, ubao ni uleule uliobeba maneno ya Mungu. Kuyamwaga ndiani, watu watakanyaga. "Tia kwa mkomamanga," akasema mwishowe. "Yakiudhuru tutajua." Basi mkomamanga wa uani ukawa unanyweshwa Kiingereza kila siku, na komamanga za mwaka ule zilipotoka chachu Mama hakushangaa hata kidogo.

Mimi nilikuwa msichana niliyekwisha kutawishwa, sitoki, kazi yangu ni kuchagua mchele na kugombana. Athman akanipa kazi ya tatu. Kwa kuwa herufi za Kiarabu nazijua, nikawa namshikia ubao na yeye anasoma kwa moyo, akikosea nampiga kwa kipepeo cha kupepea moto. Ndivyo maneno yalivyoniingia mimi nami. Hidaya hakutaka. Alikuwa pembeni daima, na mbuzi yake ya nazi au kinu chake, akitudhihaki. Jina la mumewe hakulitaja, kama ilivyo adabu. Alikuwa akimwita "mwenyewe". "Nalisema nasikia mtu yuwakabwa na mwiba wa samaki," husema, "kumbe ni mwenyewe yuwasoma." Tukimwambia aseme japo neno moja hukataa katakata. Ulimi wake, alisema, umeumbwa kwa chakula cha moto na hautaki kuzungushwa hivyo. Athman alikuwa akifurahi akichekwa na yule mwanamke kuliko kusifiwa na watu kumi.

Athman alikuwa na desturi yake. Neno halijaingia, alisema, mpaka limepata mahali pake nyumbani. Abundance, wingi, ikapewa sinia ya wali wa Ijumaa. Avarice tukampa jirani yetu Bi Kamari, ambaye ukimwomba chumvi hukuuliza ya kutia katika nini. Benevolent, mtu wa hisani, alikuwa Mama, ingawa siku aliyotukaripia kwa samli iliyomwagika alinyang'anywa neno lake mpaka magharibi. Siku ya absence Athman hakueleza kitu. Aliinuka, akatoka chumbani, akashuka ngazi mpaka uani, na sisi tukabaki tunautazama mkeka mtupu. Halafu tukamsikia akipiga kelele kutoka chini, "Nitazameni sasa! Hiyo ndiyo!" Hidaya alicheka mpaka akaacha kukuna nazi. Mimi lile neno sikulisahau tena, wala sikuhitaji kuambiwa maana yake.

Tukafika herufi ya nne. Nakumbuka mchana huo kwa mchuzi wa papa, maana Athman alikuwa anakula huku ubao umeegemezwa ukutani mbele yake, na Mama alichukia hilo. Athman akasema, na tonge mkononi, "Wangereza hawa wana neno la paka akifa, na neno jingine la mtu. Paka huwa dead. Mtu wa kuandikwa na serikali huwa deceased. Marehemu, basi." Hidaya akamwinamia kumwongeza mchuzi. "Ajabu!" akasema. "Hata kufa wana kwa ofisini! Haya, sisi tutakufa kwa nyumbani." Mama akatwambia tumtoe marehemu juu ya chakula, mtu asije akasikia jina lake. Nikalirudia lile neno siku ile na kesho yake, nikimshikia ubao, maana Athman alikuwa akilitamka vibaya mwishoni na mimi nilikuwa hodari wa kusahihisha.

Kitabu hakikuendelea zaidi ya hapo, kwa kuwa Mzungu hakungoja. Alimwita Athman ofisini, na Athman akaenda amevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito aliyoshona Hidaya. Tulikaa juu hatupumui. Alirudi anacheka peke yake njiani, tukamsikia kabla hatujamwona. Mzungu alikuwa amemwuliza kwa nini aitaka kazi, naye akajibu kwamba yeye ni capable, tena conscientious, na hana ambition ya kuiacha Amu, yaani aiweza kazi, ana dhamiri, na hana tamaa ya kutoka. Akaendelea hivyo, kila neno kubwa likitoka katika herufi zetu nne, mpaka Mzungu akaweka kalamu chini akamwuliza kama amekula kamusi. Alipata kazi siku ileile. Mama aliswali rakaa mbili za shukrani, akachinja kuku, akampelekea hata Bi Kamari pande la kuku, na kubwa. Siku ile tulikuwa tumeshinda. Nikiikumbuka sasa naona uchungu zaidi kuliko siku zilizofuata, kwa jinsi tulivyofurahi.

Maana vita vilisogea. Yule Mzungu akaitwa aende bara ya Tanganyika kwenye majeshi, na akasema mkalimani wake atakwenda naye, kwani mtu mwenye maneno kama yale hajamwona kutoka Amu hata Mombasa. Miezi michache tu, alisema. Hakukuwa na wa kukataa; serikali haikuja kuomba. Mama alikaa chini pale aliposimama. "Lau angalijua ndoo na enda za forodhani tu," akasema, "wangalimwata." Akalirudia hilo siku nyingi, akiwa anachambua mboga, akiwa anatawadha. Tulimsomesha ili akae, na kusoma kule ndiko kulikomtoa. Bi Kamari, aliyekuwa bado ana kuku wetu tumboni, akasema mbele yangu kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, na mpaka anakufa hatukusemezana vizuri.

Athman aliondoka asubuhi. Aliutundika ubao ukutani akaniambia, "Nikirudi twaanza herufi ya tano, usinisahaulishe za nyuma." Hidaya akasema rudi kwanza, ubao hauna miguu. Akatuaga, akashuka. Sisi wanawake hatukuweza kumsindikiza, tukabaki nyuma ya mbao za dirisha tukitazama kofia yake inapita chini kwenye kichochoro. Alipofika pembeni, pale njia inapokata, hatukumwona tena, lakini tulimsikia akipiga kelele bila haya, watu wakisikia, "Nitazameni sasa! Hiyo ndiyo!" Hidaya akacheka. Alicheka huku paji la uso ameliegemeza dirishani, akacheka mpaka kicheko kikageuka, na Mama akamvuta akamketisha.

Ramadhani haikuwa imefika. Tulikuwa tunachagua mchele, mimi na Hidaya na Mama, sinia moja watu watatu, tuliposikia hodi chini na sauti ya mjomba wetu Bakari ikimkaribisha mtu kwa heshima kubwa. Mzungu mpya wa ofisi alikuwa amekuja mwenyewe mpaka dakani petu, ukumbini pale penye viti vya mawe nje ya mlango. Pamoja naye Bwana Lali, ambaye walimrudisha kazini na ukungu wake wa macho kwa kuwa hawakuwa na mwingine. Tukashuka mbio tukasimama nyuma ya mlango, pazia limeshushwa, sote watatu tumebanana. Nilikuwa katikati. Nilisikia harufu ya nazi katika mikono ya Hidaya.

Mzungu alisema kwa muda, taratibu, bila kupandisha sauti. Maneno yalikuwa mengi na mengi niliyakosa, yalikuwa ya herufi tusizofika. Nikalishika moja, conduct, mwenendo. Nikalishika la pili, courage, ujasiri, lile ambalo tulimpa paka wetu aliyepigana na kenge. Nikafurahi, wallahi nilifurahi, nikaona anasifiwa. La tatu likanishika mimi. Deceased, akasema, na mwisho wake akautamka kama nilivyokuwa nikimsahihisha Athman autamke. Nikaushika mdomo wangu kwa mkono.

Pale nje Bwana Lali alikohoa. Halafu akasema kwa Kiamu chetu, sauti yake imepanda kidogo ili ipite pazia, "Bwana yuwasema Athman ni mgonjwa. Hali yake si njema. Tumuombeeni Mngu." Mzungu nadhani alimtazama akishangaa maneno yake yote yamekuwa machache hivyo. Mjomba Bakari alikuwa amekwisha kuelewa. Nilimsikia akisema "Alhamdulillahi kwa kila hali" kwa sauti ya mtu aliyeketi ghafla. Mzungu akaenda zake, na wao wawili wakaelekea msikitini. Ndivyo ifanywavyo. Wanaume wangepata kukaa, kumwita imamu, kupanga, na baada ya alasiri wangekuja wazee kutuambia kwa utaratibu wake. Bwana Lali alikuwa ametupa sisi wanawake muda wa mchana mmoja. Ila mimi sikuupata, kwa sababu ya ubao.

Mama alinyanyua mikono. "Mgonjwa hupoa," akasema. "Mgonjwa hupoa, Hidaya, usilie." Hidaya hakuwa analia. Alinitazama kidogo, akautazama mkono wangu mdomoni, akageuka akaingia jikoni. Tukamsikia akitafuta unga. "Mtu mgonjwa ataka kitu cha kwao," akasema kutoka humo. "Chakula cha hospitali hakishuki. Ndoo, wifi, tufanye visheti, havitaharibika ndiani." Nikaenda. Niwaeleze vipi mchana ule? Mama yuko juu anavuta tasbihi, na sisi wawili tumekaa chini, kinu kati yetu, iliki inanukia, moto unapulizwa. Hidaya alivua bangili zake za fedha moja baada ya moja akaziweka katika kidaka cha ukuta. Nikamwuliza mbona, yeye alikuwa akikanda siku zote na bangili zake mkononi, zikilia. "Unga huingia," akasema. Akakanda kwa nguvu. Mimi nikakata vipande, naye akakaanga. Aliongea muda wote: kwamba samli ya Mkokoni ni bora kuliko ya mjini, kwamba sukari isiivishwe sana, kwamba mgonjwa hapendi kisheti kigumu, meno yake yatauma. Na mimi kila alipofumba kinywa niliogopa ataniuliza. Neno lilikuwa limekaa juu ya ulimi wangu, nalisikia uzito wake, na nikawa nasema moyoni, ngoja, ngoja amalize kukaanga hivi. Sijapata tena kuona kazi ya jikoni ndefu vile. Tulijaza sinia mbili.

Wazee walikuja baada ya alasiri. Mama alipiga ukelele mmoja tu halafu akawa kama mtu aliyepotewa na lugha. Mimi nililia vya kutosha watu wawili. Athman alikuwa amekufa kwa tumbo, huko bara, akazikwa hukohuko na watu wasiomjua mama yake. Hidaya aliingia eda kimya, akakaa ndani siku zake, na bangili zilikaa kidakani mpaka Mama akazifunga katika kitambaa. Visheti hatukuvila wala hatukuvitupa. Mwishowe Mama aligawa kwa watoto wa chuoni, na ubao akaupeleka huko pia, baada ya kuuosha yeye mwenyewe chini ya mkomamanga. Ndivyo ulivyokwisha mwaka wetu. Baadaye fundi wa ngozi wa Siyu, mtu mwema, alimposa Hidaya, na Mama ndiye aliyemsukuma akubali. Akaenda, akazaa, akafiwa na huyo naye, na uzee ulipomlemea wanawe wakamleta Amu karibu na daktari. Hakutaka kukaa kwa mtu mwingine ila kwangu.

Miaka yote hiyo niliamini jambo moja, na nilikuwa nalipenda, kama mtu apendavyo kovu lake. Niliamini kwamba mchana ule mimi ndiye niliyembebea Hidaya mzigo. Nilimwachia akande, acheke, apange visheti vya mumewe, na mimi peke yangu, msichana wa miaka ile, nikakaa na maiti mdomoni. Sikumwambia kamwe. Nilidhani nikimwambia nitakuwa namdai shukrani.

Mwezi uliopita alikuwa amelala kitandani pangu, hali imekwisha kuwa ndogo, na mimi nampepea. Zena alikuwa katika chumba cha pili anakariri maneno yake ya mtihani kwa sauti. Siku hizi hawayumbi, wanatembea huku na huku wakitafuna karafuu. Akasoma, akasoma, halafu akachungulia mlangoni. Kwa kutania tu, maana huwa najisifu kwake, akauliza, "Haya Bibi mjuzi, deceased ni nini?"

"Marehemu," akasema Hidaya. Macho yake yalikuwa yamefumba.

Nikaacha kupepea. Zena alicheka akasema kumbe bibi wa Siyu ndiye mwalimu, akarudi kwenye kutembea kwake. Mimi nikamwinamia. "Hidaya, hilo umelijulia wapi?"

"Nalikuwa nakuna nazi, wifi, sikuwa kiziwi. Nyote wawili mkilirudia juu ya kitwa changu, na kipepeo. Maneno yote ya Athman ninayo." Alilitaja jina lake. Sikuwa nimepata kulisikia kinywani mwake maisha yangu yote.

"Nawe ukikataa hata kulisema moja!"

"Sasa nani angemcheka? Sote tungekuwa wanafunzi. Yeye alipenda kuchekwa."

Nikakaa. Nilihofu kuuliza na nikauliza. "Na siku ile? Mlangoni?"

Pumzi zilikuwa zinamtoroka. "Nalisikia kama ulivyosikia. Nikakutazama, nikakuona umeshika mdomo. Nikasema, mtoto huyu yuwajua, na yuwangoja nimuulize. Nikimuuliza itambidi aseme. Na kufa kwa nduguye kutakuwa kumetoka kinywani mwake mpaka azeeke. Nikasema, ata kumuuliza, nitafute unga, waje wazee waseme wao."

"Na bangili?"

"Mjane hakandi na bangili," akasema.

Nililia, na nitasema kweli, sehemu moja nililia kwa hasira. Kovu langu la miaka yote halikuwa langu. Yule mwanamke alikuwa amefiwa na mumewe nyuma ya pazia, na badala ya kujitupa chini alinishughulisha mimi kwa iliki na sukari mpaka jioni. Nikamwambia, "Wewe ni mbaya, Hidaya." Akasema anataka maji. Nilimwinua kichwa akanywa kidogo, na hatukulizungumza tena, kwa sababu hazikubaki siku nyingi na alikuwa anapenda zaidi kusikia habari za watu wa mtaani, nani ameoa na nani ameachwa.

Alikufa baada ya alfajiri, kwa upole. Mashua ya injini ikaenda Siyu na yule mtu niliyemtuma, na maneno yangu yale machache: mama yenu ni mgonjwa, hali si njema, njooni. Wanawe walifika alasiri. Viatu vilikuwa vingi mlangoni, na nilikuwa nimesimama dakani kwa kuwa kwa umri wangu hakuna tena wa kunitawisha. Mkubwa wao, Omari, mtu mzima mwenye mvi, alipanda ngazi mbele ya wadogo zake amebeba chupa ya asali iliyofungwa kwa jani la mgomba. Akaninyooshea kwa mikono miwili. "Ya mgonjwa," akasema. Hakuniuliza yuko chumba gani. Nikaipokea, nikamwambia aketi kwanza, anywe maji.